Kuchagua na Kufunga Nyaya za Spika za Hi-fi Mombasa: Mwongozo Kamili

Waya wa spika hauna kazi nyingi. Unapeleka mkondo kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika na kuurudisha. Kinachotakiwa ni usipoteze mwingi njiani, usigusane katikati, na usioze kwenye ncha. Mambo matatu yanaamua hayo: urefu wa waya, unene wake, na kama shaba uliyouziwa ni shaba kweli. Mombasa tuna la nne, hewa ya chumvi, ambalo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya hailitaji.

1. Soma maandishi yaliyo nyuma ya vyombo

Geuza spika utazame mgongoni. Karibu na mahali pa kufungia waya pameandikwa 4 Ω, 6 Ω au 8 Ω (Ω ni alama ya omu, kipimo cha ukinzani). Namba ikiwa ndogo, waya unatakiwa kuwa mnene zaidi, kwa sababu spika hiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi. Wati 100 kwenye spika ya 8 Ω ni kama amperi 3.5, wati hizo hizo kwenye 4 Ω ni amperi 5.

Halafu soma mgongo wa amplifaya. Kama kiwango chake cha chini ni 6 Ω na spika zako ni za 4 Ω, hakuna waya utakaokuokoa. Hapo ni kubadilisha chombo kimoja. Kumbuka pia kwamba amplifaya nyingi zenye swichi ya A+B huziunganisha jozi mbili sambamba, kwa hiyo spika ya 8 Ω ya sebuleni na ya 8 Ω ya barazani zikicheza pamoja, amplifaya inaona 4 Ω.

Ukiwa hapo hapo nyuma, angalia aina ya kifungio. Klipu ndogo za kubonyeza hazipokei waya mnene: 1.5 mm² (eneo la mkato wa kila mshipa wa waya) huingia bila shida, 2.5 mm² mara nyingi hugoma. Vile vya kuzungusha kwa vidole hupokea 4 mm² na plagi za banana, zile za pini moja zinazochomekwa kwenye tundu. Heri ulijue hilo kabla ya kwenda dukani.

2. Pima njia ambayo waya utapita

Waya haukati katikati ya sebule. Unafuata ukuta, unazunguka kabati, unapanda fremu ya mlango na kushuka upande wa pili. Chukua kamba, ipitishe njia nzima, kisha ipime kwa futi kamba. Ongeza nusu mita upande wa amplifaya ili uweze kuivuta nje na kufika nyuma yake, na nusu mita nyingine upande wa spika.

Sebule ya kawaida ya fleti kule Tudor au Bamburi inaweza kukupa mita 3 kwa spika ya karibu na mita 9 kwa ile iliyo ng'ambo ya mlango. Kuna imani kwamba lazima pande zote mbili ziwe na urefu sawa. Si lazima. Tofauti ya mita 6 kwenye waya wa 2.5 mm² ni kama omu 0.08, ambayo kwenye spika ya 8 Ω haifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kata kila upande kwa urefu wake, usiache bunda la waya limejikunja nyuma ya kabati likikusanya vumbi na mende.

3. Chagua unene

Sheria inayotumika na mafundi wengi ni hii: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa waya wa shaba tupu, kila mita ya njia (yaani mishipa yote miwili) ina ukinzani huu:

0.75 mm²: omu 0.046
1.5 mm²: omu 0.023
2.5 mm²: omu 0.014
4 mm²: omu 0.0086

Kwa hiyo urefu wa juu wa njia ni takriban huu, ukianza na spika ya 8 Ω kisha ya 4 Ω:

0.75 mm²: mita 8.5, mita 4
1.5 mm²: mita 17, mita 8.5
2.5 mm²: mita 29, mita 14
4 mm²: mita 46, mita 23

Spika ya 6 Ω inakaa katikati. Ile njia ya mita 9 ikiwa na spika ya 6 Ω, waya wa 0.75 unavuka mpaka (omu 0.41 wakati kikomo ni 0.3), wa 1.5 unatosha, wa 2.5 unatosha na kubakisha.

Kwa nini asilimia 5? Si kwa ajili ya wati zinazopotea. Hizo ni kama desibeli 0.4, na unaweza kuzirudisha kwa kugusa kitufe cha sauti. Tatizo ni kwamba omu za spika hazikai mahali pamoja. Spika iliyoandikwa 6 Ω inaweza kushuka hadi 4 kwenye noti fulani na kupanda hadi 30 kwenye nyingine. Waya wenye omu 0.4 unaipunguza ile noti ya kwanza kwa desibeli 0.8 na ile ya pili kwa 0.1 tu. Sauti inapinda, na kitufe cha sauti hakiwezi kuinyoosha. Waya wenye omu 0.1 unafanya tofauti hiyo iwe chini ya desibeli 0.2, ambayo ni shida kuisikia.

Ukitaka jibu moja bila hesabu: nyumba nyingi za Mombasa zinatosheka na 2.5 mm² ya shaba tupu. Chini ya mita 5 na spika za 8 Ω, 1.5 inatosha kabisa. 4 mm² ni ya spika za 4 Ω zilizo mbali, au nyumba ya ghorofa ambapo amplifaya iko chini na spika ziko juu ya paa.

4. Dukani: shaba au alumini iliyopakwa?

Hapa ndipo watu wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Waya mwingi wa spika unaouzwa kwa bei ya chini, ule wa ganda la plastiki angavu au jekundu na jeusi, ndani ni alumini iliyopakwa shaba nyembamba juu. Kwa macho unang'aa kama shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo «2.5» ya aina hiyo inafanya kazi ya shaba ya takriban 1.6. Si sumu, ukinunua saizi moja juu, sauti itapita. Ubaya wake ni mwingine: nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa, na hewa ya bahari ikifika mahali ambapo shaba imekwaruzika na alumini kuonekana, metali hizo mbili pamoja na unyevu wa chumvi hulana. Ncha inageuka unga mweupe.

Kwa hiyo, kabla ya kununua roli, sema tu: «Ami, nikatie mita moja kwanza.» Kisha fanya majaribio haya.

Kwarua. Toa uzi mmoja, uuweke juu ya meza, uukwarue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukitokea mweupe chini ya wekundu, ni alumini. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa mji huu ndiyo bora kuliko zote.

Pima uzani. Menya mshipa mmoja wa mita nzima utoe ganda lote. Shaba tupu ya 2.5 mm² yenye urefu wa mita moja ina uzani wa kama gramu 22, ya 1.5 ni kama gramu 13. Alumini iliyopakwa ya 2.5 haifiki gramu 10. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.

Hesabu nyuzi. Jaribio la uzani haliwezi kukuambia kama waya ni alumini au ni shaba iliyopunguzwa, hesabu inaweza. Waya laini wa 2.5 mm² kwa kawaida una nyuzi 50 za milimita 0.25; wa 1.5 una nyuzi 30 za unene huo huo, wa 0.75 una 24 za milimita 0.2. Kupima unene wa uzi bila kifaa maalumu, uzungushe kwenye penseli mara 20, mizunguko ikiwa imebanana, kisha pima upana wa mizunguko yote kwa rula. Milimita 5 maana yake uzi ni 0.25. Ikitoka 3, uzi ni 0.15, na eneo lake ni karibu theluthi moja tu ya lile uliloambiwa. Ganda nene linaloficha mshipa mwembamba ni ujanja wa zamani, usikupumbaze.

Moto wa kiberiti cha gesi nao husaidia, lakini ufanyie nje ya duka: uzi mwembamba wa shaba hung'aa na kubaki umesimama, wa alumini hunyong'onyea na kujikunja kuwa kitone. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, shaba kwenye 1,085.

Roli ikishafika nyumbani, lipo jaribio linalomaliza ubishi. Unahitaji betri ya gari ya volti 12, balbu ya breki ya wati 21 na multimita (kifaa cha kupimia volti na omu). Kata mita 10, unganisha mishipa miwili upande mmoja, kisha pitisha mkondo: betri, balbu, mshipa wa kwanza, mshipa wa pili, kurudi betri. Balbu inawaka na kuvuta kama amperi 1.75. Weka multimita kwenye volti na uguse mwanzo wa mshipa wa kwanza na mwisho wa wa pili. Shaba ya 2.5 mm² itakuonyesha kama volti 0.24. Ukiona 0.36 au zaidi, ama ni alumini ama ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Balbu isiondolewe hata kidogo. Ndiyo inayozuia betri kuchoma waya. Na usijaribu kupima omu za waya moja kwa moja kwa multimita ya bei nafuu: nyaya zake za kupimia zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, kubwa kuliko kile unachokitafuta. Risiti usiitupe hadi hapa.

Si lazima waya uitwe «wa spika». Waya mweupe wa mviringo, laini, wenye mishipa miwili ya 1.5 au 2.5, ule ambao mafundi wa stima hufungia pasi na taa za kusogeza, unafanya kazi hiyo hiyo, ganda lake ni gumu zaidi, na ukiwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, una uhakika kiasi wa shaba yake. Ila uzungushie utepe mwekundu kila baada ya mita moja na kwenye ncha zote mbili. Pasipo alama, siku moja mtu ataufungia plagi ya ukutani, na volti 240 zikiingia kwenye spika hakuna wa kuuliza tena kuhusu sauti. Ule mgumu wa ndani ya kuta, wenye mshipa mmoja mmoja usiokunjika, uache: hupasuka kwenye skrubu kila unaposogeza spika.

Mambo mengine ya kwenye pakiti hayastahili pesa yako. Shaba «isiyo na oksijeni» inapitisha mkondo vizuri kuliko shaba ya kawaida kwa kama asilimia 1. Fedha inaizidi shaba kwa kama asilimia 6, ambayo unaipata kwa kuongeza unene kidogo. Mshale wa mwelekeo hauna maana yoyote, kwa kuwa mkondo wa sauti unakwenda na kurudi mara makumi hadi maelfu kwa sekunde.

5. Njia ya waya nyumbani

Usiulaze waya wa spika pamoja na wa stima ndani ya paipu moja. Mvumo si hoja kubwa hapa, kwani waya wa spika haushiki mvumo kirahisi kama nyaya nyembamba za kuingizia sauti; hoja ni usalama, ganda la mmoja likichubuka. Sentimita 10 kati yao zinatosha, na mahali lazima zipishane, zipishane kwa msalaba.

Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa ovyo zinamomonyoka, na zinashika unyevu wa chumvi mwaka mzima. Pitisha waya ndani ya mfereji wa plastiki uliobandikwa juu ya sakafu. Misumari ya chuma ya klipu huota kutu na kuacha michirizi ya kahawia ukutani. Tumia skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Kwenye dari zenye panya, waya uingie kwenye paipu ngumu ya milimita 20, bila mjadala.

Barazani na juu ya paa, jua linapasua ganda la kawaida. Chukua waya wenye ganda jeusi gumu, upite kwenye paipu, na ufanye mkunjo wa kushuka kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua ya masika yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

6. Kumenya na kufunga

Zima amplifaya na uchomoe plagi ukutani.

Menya milimita 10 hadi 12, si zaidi. Usikate nyuzi pamoja na ganda. Kisu kikali huzila nyuzi tano au sita bila wewe kujua, kwa hiyo koleo la kumenyea ni bora. Sokota nyuzi kwa upande ule ule zilivyosokotwa kiwandani, hadi usione hata moja iliyochomoza. Uzi mmoja uliotoka na kugusa jirani yake unatosha kuua transista za kutolea sauti.

Usitie solda ncha itakayobanwa na skrubu. Solda ni laini. Chini ya mgandamizo hutambaa polepole, na baada ya miezi kadhaa kifungio kimelegea chenyewe. Badala yake vika ncha kofia ndogo ya bati ya saizi ya waya, uibane kwa koleo lake. Kama kifungio ni klipu ndogo na waya ni mnene, tumia pini nyembamba za kubana. Plagi za banana ni nzuri kwa anayechomoa mara kwa mara. Amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huja na vizibo vidogo vyekundu na vyeusi kwenye matundu ya banana, kwa sababu plagi hizo huingia kwenye soketi za stima za kule. Vichomoe kwa ncha ya pini. Soketi zetu zina vifuniko ndani, lakini sote tunajua zinavyofunguliwa kwa kalamu, kwa hiyo waya wenye banana usiachwe ukining'inia nyumba yenye watoto.

Spika ikiwa na vifungio vinne na vibamba viwili vya kuviunganisha, viache vibamba mahali pake. Ukivitoa na kufunga waya chini peke yake, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) inanyamaza. Kupeleka waya maradufu hakukupi zaidi ya kile ambacho waya mmoja mnene ungekupa.

Na hili lisisitizwe: usitumie waya wa mishipa mitatu kwa spika mbili, nyeusi zikiwa zimeunganishwa. Kwenye amplifaya nyingi za kisasa, hasa zile ndogo zisizopata joto, upande mweusi nao unabeba sauti. Ukiunganisha mweusi wa kushoto na wa kulia, unaichoma.

7. Pima kabla ya kuwasha

Spika zikiwa zimefungwa lakini upande wa amplifaya ungali wazi, weka multimita kwenye omu uguse ncha mbili za kila waya. Spika ya 8 Ω itasoma 5.5 hadi 7. Ya 4 Ω itasoma 3 hadi 3.8. Kusoma karibu na sifuri ni nyuzi kugusana, na kutosoma kitu ni waya uliokatika au uliolegea. Kwa dakika moja hiyo umeiokoa amplifaya.

Kisha hakikisha nyekundu kwa nyekundu, pande zote mbili. Waya wa spika una alama kwenye mshipa mmoja: mstari, maandishi, au mbavu unazozihisi kwa kidole. Chagua kwamba wenye alama ni wa nyekundu na usibadilishe njiani. Palipofichika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za waya, chanya kwenye ule unaodhani ni mwekundu, kwa nusu sekunde. Koni ya wufa (ile kubwa ya besi) ikiruka nje, umepatia. Ikiingia ndani, geuza. Spika moja ikiwa imegeuzwa, besi hupotea na sauti ya mwimbaji haikai katikati. Wengi hapo hukimbilia kununua waya mpya.

8. Matunzo ya pwani

Shaba iliyo wazi Mombasa huwa nyeusi, kisha kijani. Kila mwaka, na kila baada ya miezi sita kwa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari kama Nyali na Likoni, fungua vifungio vyote. Waya ulioota kijani usiupige msasa. Kata sentimita moja na nusu, menya upya. Ukiona kijani kimepanda chini ya ganda angavu, endelea kukata hadi ukutane na shaba nyekundu. Kama kimepanda nusu mita, badilisha waya, na safari hii chukua uliopakwa bati; wauzaji wa vifaa vya boti huwa nao. Mwisho wa ganda vika mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, ili hewa isiingie kati ya ganda na shaba.

Dalili chache za kukuongoza sauti ikiharibika: upande mmoja unakatika ukigusa waya, ni ncha iliyolegea au iliyooza. Amplifaya inalia «tik» na kujizima ukiongeza sauti, ni nyuzi zinazogusana au omu za spika zilizo chini ya kiwango. Upande mmoja haupo kabisa, badilishana nyaya za kushoto na kulia upande wa amplifaya, ukiwa umeizima. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye amplifaya, na ukibaki pale pale, liko kwenye waya au spika.